Chupa ya Maji kutoka Tema

Kila tukikutana kwenye kikundi mnaniuliza, Mama Kioko, ilikuwaje huko, na kila mara nasema nitawaambia. Nikianza kwa mdomo naanza na madam Nawal, halafu namrukia Philemon, sauti inapanda, mnanipa pole, na safari yenyewe haisemwi. Basi nimekaa na kalamu. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni mwendelee. Mambo ya tiketi na stempu siandiki, hayo yana wenyewe. Naandika njia tu: Riyadh mpaka Tema, Tema mpaka Jeddah, na Jeddah mpaka hapa kwa mama yangu.

Malaz, jikoni

Philemon ndiye aliyenipeleka. Namtaja kwa sababu bado anapita hapa Mwingi na koti lake, akiongea na mabinti zenu. Aliniambia naenda kufua mashuka ya hospitali. Nilifikia ghorofani mtaa wa Malaz, Riyadh, nyumbani kwa madam Nawal, aliyechukua pasipoti yangu mlangoni kabla sijavua viatu. Hospitali mafi, hakuna. Kulikuwa na vyumba, ngazi, watoto na pasi. Hii alama ya mkononi ambayo mnaiangalia mkidhani sioni ni ya pasi hiyo, na mkono ulioishika ni wa Nawal. Shati la mumewe lilikuwa na mkunjo. Halas, basi, nimesema.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alinishika bila kuniumiza. Ni mama yake Nawal, bibi kizee ambaye sote tulimwita Yuma. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Leo aliniita dada yake, kesho mke wa kaka yake, wote marehemu. Shida yake kubwa ilikuwa maji. Ukimpa glasi anafunga mdomo, anasema, "Haya yamekufa. Nipe ya Hadaj." Na bila maji dawa haziendi. Nawal akanifundisha dawa ya hilo: "Jaza bombani, mwambie hii ya Hadaj. Atakunywa."

Nikamwambia, "Yuma, hii ya Hadaj." Akanywa yote, akanipapasa shavu.

Ikawa ndiyo kazi yangu, asubuhi na jioni, miaka yote ile. Mimi nilidhani Hadaj ni jina la kampuni ya maji.

Mkataba wangu uliisha, Nawal akajifanya hajui kusoma tarehe. Halafu kazi ya mumewe ikahamia Jeddah, naye akatangulia na watoto. Nawal akaniambia nikiwasaidia kuhama na Yuma akishazoea nyumba mpya, nitapanda ndege huko huko Jeddah nirudi kwetu. Lakini kwanza tungezunguka kaskazini, mahali panaitwa Taima, alikozaliwa Yuma, kwa sababu shamba lake la mitende lilikuwa linauzwa na jamaa wa huko walitaka wamwone mwenyewe.

Nilishuka na taka, nikamwambia Wafula, Mkenya mwenzetu wa Bungoma aliyekuwa mlinzi wa jengo.

"Wafula, tunahama. Tunapitia Taima kwa kina Yuma."

Akaacha kufagia. "Dada Mumbua, unajua Taima ni wapi?"

"Kaskazini, mbali."

"Ni Tema! Tema ya nabii Isaya! Kwa Ayubu pia iko. Na kisima chake, watu wa huko wanakiita Hadaj."

Nilikaa kwenye ngazi na taka zangu mapajani.

"Ndipo mfalme wa Babeli alipokula majani kama ng'ombe," akaongeza. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwao, na mwalimu wa shule ya Jumapili hapingwi.

Mnajua kwa nini nilikaa. Lakini wako waliojiunga juzi, hao niwaeleze. Kikundi chetu kinaitwa Tema kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa msichana aliposikia kanisani kwamba nabii aliwaagiza watu wa mji huo wamtokee mwenye kiu na maji, na anayekimbia upanga wampelekee mkate. Akasema, sisi wa Mwingi tunaojua kiu ni nini, tukikosa kufanya hivyo nani atafanya? Ndiyo asili ya ule mtungi wetu kando ya barabara, na zamu, na ile chapati au kiazi chini ya sahani. Mama alidhani Tema yenyewe iliangamia, kama miji mingi ya kwenye Maandiko.

Ijumaa nilipopewa simu nikampigia. Nikamwambia Tema haikuangamia.

"Iko?"

"Iko, Mama. Na mimi napelekwa."

"Kisima bado kina maji?"

"Sijui."

"Niletee. Hata kidogo. Jina lao nimelitumia maisha yangu yote, na ladha ya maji yao siijui."

Basi kutoka siku hiyo sikutaka kitu kingine. Mshahara, pole, haki yangu, vyote niliviweka kando. Nilitaka chupa moja ya maji ya Tema, na nimfikishie mama akiwa bado ana mdomo wa kunywea.

Barabara ya Haili

Nawal aliendesha mwenyewe. Mimi nyuma na Yuma, miguu yangu juu ya ndoo ya nepi, kichwa chake begani kwangu. Buraida tulinunua biskuti zao za kuzungusha tende ndani, kleija wanaziita. Nawal alikula, Yuma akala, mimi nikapewa zilizovunjika. Nilizila. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Tulipoikaribia Haili upepo wa mchanga ukafunga njia. Malori yakajipanga, nasi tukakimbilia mkahawa wa madereva kando ya barabara, mwekundu wa vumbi ndani na nje. Nawal akatoka garini na kitambaa puani, akachukua meza ya familia nyuma ya pazia na mama yake, akaniambia nisimame mlangoni niwe karibu. Mpishi alikuwa Msudani, mrefu, ndevu nyeupe. Akaniangalia.

"Habashia?" Yaani, mimi Mhabeshi?

"Kenia."

Akaingia jikoni. Alirudi na sahani ya asida, na mchuzi wa bamia juu yake. Wenzangu, asida ni ugali! Laini zaidi, lakini ni ugali. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikamega, nikatengeneza kishimo kwa kidole gumba kama tulivyozoea. Nililia nikila. Msudani akasema kwa Kiarabu, "Ina chumvi sana?" Akaenda kuniletea nyingine isiyo na chumvi. Nikaila nayo, afanye nini mtu.

Nawal akachungulia pazia. "Yalla, mchanga umetulia. Unakula tu wewe?"

Haili tulilala hotelini, mimi kwenye zulia chini ya kitanda cha Yuma. Asubuhi aliamka akiwa na akili zake, jambo la nadra. Akaniambia yeye alipokuwa mtoto aliongoza ngamia kisimani. Ngamia anafungwa kamba, anateremka kwenda mbali na kisima, ndoo ya ngozi inapanda. Anarudi, ndoo inashuka. Magurudumu ya mbao yanalia juu, kila moja na sauti yake, na yeye aliijua ya ngamia wao hata akiwa kitandani. "Nikisikia imenyamaza," akasema, "najua baba amekwenda kula." Halafu akanishika mkono. "Nipeleke kabla hawajafungua maji ya mashamba."

"Tunaenda, Yuma."

Taima

Nilitazamia nini, hata sijui. Labda ukuta unaong'aa. Tulikuta mji wa kawaida, duka la matairi, shule, mabomba, na mitende mingi ghafla baada ya jangwa tupu. Mpwa wa Yuma, Abu Turki, mtu wa makamo kama mimi, mwenye tumbo na ucheshi, ndiye aliyetupokea. Alimbusu Yuma kichwani. Yuma akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Chakula chao sikisahau: wali na mbuzi, na tende zao wanazoziita hulwa, laini mpaka zinayeyuka kabla hujatafuna. Abu Turki alikuwa wa kwanza kuniambia keti, katika nchi ile nzima. Nikapata ujasiri, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni kama ni kweli mji wake ni wa zamani.

Ungemwona alivyofurahi. Akatupeleka kuona ukuta wa kale, udongo na mawe, unatokea mchangani na kuzama tena kama mgongo wa mnyama. Akasema misafara ya ubani kutoka Yemeni ilipita hapa kwenda Shamu na Misri, kwa sababu hapa palikuwa na maji, na ukikosa Taima umekufa. Nikakumbuka Ayubu, jinsi anavyotaja misafara ya Tema iliyotafuta maji mahali yalipozoeleka kuwapo, ikakuta pakavu, ikaona haya. Akasema lilipatikana jiwe lenye maandishi ya kale, Wazungu wakalibeba kwao. Na mfalme wa Babeli alikuja, akaiteka Taima, akakaa miaka kumi, mji wake mkubwa akauachia mwanawe.

"Na ndipo alipokula majani?" nikauliza.

"Majani gani?"

"Kama ng'ombe."

Abu Turki akacheka akashika tumbo. "Mama, mtu aje Taima ale majani? Alikula tende! Ndiyo maana hakutaka kurudi."

Wafula, ukisoma hii, umesikia.

Lakini mfalme huyo nilimfikiria. Yeye alikaa mbali na kwao miaka kumi kwa kupenda. Hakuna Nawal aliyeshika pasipoti yake.

Alasiri tukaenda kisimani. Hadaj ni shimo kubwa, pana kama uwanja wa kanisa letu, limejengwa kwa mawe, na juu yake yamesimamishwa yale magurudumu ya mbao pande zote. Kimya. Siku hizi ni mashine na mabomba, mbao ni za kuonyesha wageni. Nilisukuma kiti cha Yuma mpaka kwenye kizuizi. Akatazama. Nikangoja aseme kitu.

"Ngamia wako wapi?" akasema.

Abu Turki akazungumza na mlinzi, wakafunga ndoo kwenye kamba ndefu. Ilishuka, ikagonga maji kule chini, sauti ikapanda mpaka kwenye mifupa yangu. Akajaza kikombe, akapiga goti mbele ya kiti. "Shangazi, kunywa. Hadaj hii."

Yuma akaonja. Akafunga mdomo. Maji yakamtiririka kidevuni.

"Haya yamekufa," akasema. "Nipe ya Hadaj."

"Shangazi, wallahi ndiyo haya!"

"Ya Hadaj!" Akaanza kulia. "Mmenileta wapi?"

Nawal alikuwa ameinua simu anapiga video, anacheka. Akasema, "Mumbua, mpe yake."

Nikaenda garini. Nikachukua chupa ya maji ya dukani, ile ya plastiki, nikamimina kwenye kikombe kile kile, nikarudi, nikainama, pale pale ukingoni mwa Hadaj, mbele ya kisima chenyewe. "Yuma, hii ya Hadaj."

Akanywa mpaka tone la mwisho. Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Hii ndiyo."

Abu Turki aligeuza uso. Nawal akacheka zaidi, akaenda kumtumia dada yake ile video. Mimi nilisimama na kikombe. Mnaniuliza kitu gani kiliniuma zaidi huko. Mnategemea niseme pasi. Ni kikombe hicho. Maana nilijiona mimi. Na mimi kila usiku nilikuwa najinywesha Mwingi ya uongo, nyumba ya mama ambayo nimeipaka rangi kichwani, mtungi ambao nimeujaza mwenyewe. Nikifika nitaijua? Au nitafunga mdomo?

Maji yaliyobaki kwenye ndoo niliyatia kwenye ile chupa tupu.

"Uchafu huo wa nini?" Nawal akauliza.

"Wa mama yangu, madam."

Abu Turki akanipa na mfuko wa tende. "Mpe mama yako," akasema. "Mwambie watu wa Taima wanamsalimu."

Kituo cha petroli kabla ya Madina

Kutoka Taima kwenda kusini ni mawe meusi, kama mtu amechoma mlima akaumwaga. Nawal alitaka kupita Madina akaswali na mama yake msikitini kwa Mtume. Mimi Mkristo, kule ndani siingii. Hilo silalamiki, ni utaratibu wao. Ninacholalamikia ni alivyoniacha. Alinishusha kwenye kituo cha petroli kabla ya ule mpaka ambao asiye Mwislamu havuki, kituo kilichokufa, pampu zimeng'olewa, duka lina kufuli, bomba la choo linakohoa hewa tu. Jua la adhuhuri.

"Naswali narudi," akasema. Hakuacha maji. Hakuacha mkate. Nawal, na siku ukitafsiriwa haya: jua lilianza kuinama ndipo uliporudi, na ulikuwa umebeba mifuko ya madukani.

Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta na chupa yangu na tende zangu. Kiu ilikuja, nikaiambia haya si yangu. Koo likakauka, nikaiweka chupa nyuma ya mgongo nisiione.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nikazunguka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, baibui limejaa vumbi, mguu mmoja una kiatu na mwingine umefungwa kitambaa.

"Maya," akasema. Maji, kwa Kiarabu. Halafu akaniangalia vizuri. "Wewe si Mkenya wewe?"

"Wa Mwingi."

"Mimi wa Kilifi. Mwanasiti." Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Nimetoka kwenye nyumba ya watu, dada. Usiniulize. Kuna dereva wa lori, kijana wa kwetu, atanipitia hapa kunipeleka Jeddah. Alisema asubuhi. Asubuhi ilishapita." Macho yake yakaona chupa. "Zamzam hiyo?"

"Sio. Ni ya kisima kimoja huko juu. Nampelekea mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Mpelekee," akasema. "Mama ni mama." Akageuza uso aangalie barabara, ili asinione ninayo.

Hilo ndilo lililonimaliza. Angeomba, labda ningekataa. Ningesema mimi pia nina shida zangu, tena ni kweli. Lakini yule mtu amekimbia, ana kiu, amekaa kwenye njia inayotoka Tema, na anayebeba maji ni mimi, mtoto wa mama yangu. Niliona kama mama amesimama pale na kitenge chake, ameshika kiuno.

Nikaifungua. "Kunywa."

"Ya mamako?"

"Kunywa kabla sijabadilisha nia, bwana!"

Akanywa. Aliniachia funda moja chini, akanirudishia. "Na wewe."

Nikanywa. Yana chumvi chumvi kidogo, kama ulimi umegusa jiwe. Ndiyo ladha yake, sasa mnaijua.

Tulikula tende za Abu Turki, tukitema kokwa mchangani na kushindana nani anafikisha mbali. Mwanasiti alinishinda. "Pwani tunafunzwa hivi tangu utotoni," akasema, "nyinyi wa bara mnajua viazi tu." Nikampa namba ya Mama Kilonzo, mtu wa Kitui anayeishi Bani Malik, Jeddah, na anayejua kukaribisha bila maswali. Lori lilifika kabla ya Nawal. Aliponipungia kutoka dirishani alikuwa bado ana kokwa mdomoni.

Jeddah

Joto la Jeddah ni la maji, nguo hazikauki. Nyumba mpya Yuma hakuizoea, alitafuta mlango wa choo mahali ulipokuwa Malaz. Nawal akaanza: baki kidogo, mpaka aizoee, mpaka Ramadhani, mpaka baada ya Idi. Nikamwambia hapana, nikakaa sebuleni na begi langu, sikupika wala kufua, mpaka mumewe akachoka na njaa akaitoa pasipoti mwenyewe. Huyo naye jina lake ni Majid, na aliona ile pasi siku ile, akaendelea kuvaa shati.

Siku ya kuondoka alikuwa amefika msichana mwingine kutoka Machakos. Aliletwa na Philemon. Nilimfundisha jambo moja: "Akikataa maji, mwambie hii ya Hadaj." Akauliza Hadaj ni kampuni gani. Nilimwambia ni kisima. Nikampigia Yuma busu la kichwa. Aliniita dada yake.

Uwanja wa ndege mahujaji wa umra walikuwa na maboksi yao ya zamzam, kila mtu na lake, wanayakumbatia. Mimi nilikuwa na chupa tupu. Nikampigia Mama Kilonzo.

"Mgeni wako alifika," akasema. "Amekula, amelala, ameamka, sasa ananisema ugali wangu mgumu."

Nyumbani

Mama nilimkuta ameketi mlangoni. Amekuwa mdogo. Macho hayaoni vizuri, akanipapasa uso, akashuka mkononi, akafika kwenye ile alama, akaifuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

"Ulifika Tema?"

"Nilifika."

"Kisima kina maji?"

"Kina maji, Mama. Wanakusalimu."

Akanyoosha mkono. Nikamwekea chupa. Akaitikisa sikioni.

"Haina kitu."

Nikamweleza. Kituo, Mwanasiti, kiatu kimoja. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilingoja anibariki, au alie, chochote.

"Na mkate?" akasema.

"Nini?"

"Maji ulimpa. Mkate?"

"Mama, mkate sikuwa nao! Nilikuwa na tende."

Akafikiri. "Tende haya," akasema, kama mtu anayepunguza bei.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo lini.

Akainuka, akakataa nimshike. Akaenda mwenyewe akipapasa mpaka kwenye mtungi wa kona, akachota kwa kibuyu, akanirudia na kikombe kimejaa, kinamwagika kila hatua. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyepeleka vikombe. Nilikipokea, nikaogopa. Nilimwona Yuma ukingoni, maji yanamtiririka kidevuni. Nikasema moyoni, Mumbua, na kama hutayajua?

Nikanywa.

Moshi wa kibuyu. Kutu ya tangi. Na udongo ule, chini kabisa, unaobaki kwenye meno.

"Ongeza, Mama," nikasema.